Pentakwaki: chembe iliyotangazwa, ikakanwa, kisha ikaonekana

Mwanafunzi wa sekondari hapa Muyeye hufundishwa kuwa atomu ina kiini, na ndani ya kiini mna protoni na nyutroni. Mara nyingi somo huishia hapo. Lakini protoni nayo ina vilivyomo ndani yake: vitu vidogo zaidi viitwavyo kwaki.

Wazo la kwaki lilitolewa mwaka 1964 na Murray Gell-Mann na George Zweig, kila mmoja kivyake. Protoni ina kwaki tatu. Chembe za jamii nyingine, mesoni, zina kwaki moja na kinyume chake. Tangu mwaka ule ule, hesabu zilionyesha kuwa kwaki nne au tano pia zinaweza kushikamana. Nne huitwa tetrakwaki, tano pentakwaki. Kazi ikawa kuziona.

Mwaka 2003, watafiti wa maabara ya SPring-8 nchini Japani walitangaza kuwa wameona pentakwaki. Maabara kadhaa zikasema nazo zimeiona. Mwaka 2005, maabara ya Jefferson huko Marekani ilirudia kazi hiyo kwa data nyingi zaidi, isione kitu. Habari ikazimika.

Sisi watu wa pwani jambo hili si geni kwetu. Mtu akisema mwezi umeandama, huulizwa: nani kauona, wapi, na nani mwengine? Wanafizikia nao wana kipimo chao. Hawatangazi ugunduzi mpaka uwezekano wa kuwa ni bahati tu uwe chini ya mara 1 katika milioni 3.

Julai 2015 kipimo hicho kilipitwa mbali. Kikundi cha LHCb hufanya kazi CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, ambako protoni hugonganishwa ndani ya handaki la mviringo lenye urefu wa kilomita 27. Walikuwa wakichunguza jinsi chembe nzito iitwayo Lambda-b inavyovunjika. Katika matukio kama 26,000 wakakuta alama za pentakwaki mbili. Mwaka 2019, kwa data nyingi zaidi, wakaona kuwa moja kati ya hizo kwa hakika ni mbili zilizokaribiana, na wakapata nyingine mpya. Walijisahihisha wenyewe hadharani.

Bado kuna mjadala. Je, kwaki tano zimekaa pamoja kama mzigo ndani ya jahazi moja? Au ni majahazi mawili, chembe ya kwaki tatu na ya kwaki mbili, yaliyofungwa kamba ubavu kwa ubavu? Jibu litatueleza nguvu inayoshika kiini cha kila kitu, hata mchanga wa ufuo wetu.

Na jambo hili lina njia ya kufika Malindi. Tarehe 12 Disemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Ngomeni, ilirushwa setilaiti iliyopewa jina Uhuru kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake. Iligundua kuwa Centaurus X-3 hutoa mapigo ya eksirei kila baada ya sekunde 4.8. Ni nyota ya nyutroni, iliyobanwa mno hata wanafizikia wanajiuliza kama katikati yake kwaki huachana na nyutroni zao. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Roketi ilirukia kwetu, lakini elimu yake ikabaki kwa wengine. Safari hii mlango u wazi zaidi. Mwaka 2016 Shule ya Fizikia ya Afrika ilifanyika Kigali, na CERN imeweka sehemu ya data zake kwenye intaneti bila malipo. Mzazi, mtoto wako akikuuliza ndani ya protoni mna nini, usimwambie hayo hayamhusu. Mwambie kwaki tatu, kisha umwache aulize kama zaweza kuwa tano.