Tofauti, Uanuwai na Pengo

Sentensi hii huikuta karibu kila mwaka katika rasimu za tasnifu za uzamili ninazosahihisha: "Kuna tofauti kubwa kati ya wanawake wa mjini na wanawake wa shamba." Kisarufi haina kasoro. Lakini kila nikifika hapo kalamu husimama, kwa sababu sijui mwandishi anataka nimwelewe vipi. Ni tofauti ya lahaja, huyu akisema Kiunguja cha mjini na mwenzake Kimakunduchi? Au ni kwamba huyu akishikwa na uchungu usiku hufika hospitali kwa dakika chache, na mwenzake huanza kwa kutafuta mtu mwenye gari? La kwanza ni utajiri wetu. La pili ni dhuluma. Neno ni lilelile.

Simlaumu mwanafunzi. Vitabu vya somo lake, linalohusu utamaduni na mgawanyo wa mali na fursa duniani, karibu vyote amevisoma kwa Kiingereza, ambako watu kuwa wa namna nyingi kuna neno lake, na watu kutopata sawa kuna neno lake. Akija kuandika kwa Kiswahili, yote mawili anayatia kwenye kapu moja la "tofauti".

Neno hili tulilipata kutoka Kiarabu. Huko, tafawut ina mzizi wenye maana ya kupita na kuponyoka, kama gari linavyokupita ukabaki kituoni. Ni hali ya wawili ambao mmoja amemwacha mwenzake nyuma, na mpaka leo Kiarabu hulitumia kwa mambo ya kipato. Sisi tulilipanua likawa la kila kisichofanana: tofauti ya rangi, ya ladha, ya jana na leo. Hakuna ubaya, ndivyo maneno yanavyoishi. Ila katika kupanuka huko, ule uchungu wa kuachwa nyuma umefifia.

Kwa wingi wa namna, tunalo "uanuwai". Anuwai nalo ni la Kiarabu, wingi wa neno lenye maana ya aina, na watu wa mazingira ndio waliolizoesha masikio yetu kwa kusema bayoanuwai, hasa baada ya mkataba uliofunguliwa Rio mwaka 1992. UNESCO ilipotoa tamko lake la uanuwai wa tamaduni mwaka 2001, ilipita njia hiyohiyo: ilisema binadamu wanauhitaji uanuwai huo kama viumbe wanavyohitaji bayoanuwai. Wapo wanaolikwepa neno hili wakiliona la vitabuni. Waende soko la Darajani, Unguja, msimu wa maembe. Dodo, boribo, muyuni, sindano, kila moja na harufu yake na wakati wake wa kuiva, na hakuna muuzaji atakayekuambia kwamba sindano ni dodo lililoshindwa kukua. Hiyo ndiyo kazi ya uanuwai: kutaja wingi bila kuupandisha kwenye ngazi.

Na ngazi tunazo, tena ndani ya msamiati wenyewe. "Utamaduni" ina madina ndani yake, yaani mji. "Ustaarabu" ina Uarabu. Mwanahistoria Randall Pouwels ameeleza jinsi sifa ya mtu wa pwani ilivyokuwa uungwana, na jinsi katika karne ya 19, chini ya utawala wa Waomani, ustaarabu ulivyousukuma pembeni. Na uungwana nao haukuwa na mikono safi, kwa kuwa ili pawe na mwungwana ilibidi pawe na mtumwa. Mwanafunzi anayeandika kwamba jamii fulani "haijastaarabika" ameshatoa hukumu kabla hajafika kwenye data.

Linabaki neno la pili, la watu kutopata sawa, nalo ndilo gumu. Tafsiri iliyozoeleka ni "ukosefu wa usawa". Hainiridhishi. Tunasema ukosefu wa mvua, ukosefu wa maji, mambo yanayoonekana kama yametokea tu. Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa na neno kali zaidi, unyonyaji, na penye unyonyaji lazima yupo anayenyonya. Lakini si kila hali ya kutopata sawa ni unyonyaji, na mtafiti anahitaji neno ambalo halimfungi mapema.

Mimi napendekeza "pengo", ambalo watu wanalo mdomoni tayari. Kinywa chenye pengo kinajulikana kilikuwa na jino, na anayekiangalia huuliza kama liling'oka lenyewe au liling'olewa. Pengo pia linakubali vipimo. Kile kipimo cha Mtaliano Corrado Gini, alichokitangaza mwaka 1912, huanzia 0, ambapo wote wanapata sawasawa, hadi 1, ambapo mmoja amechukua vyote. Afrika Kusini, kwa takwimu za Benki ya Dunia za 2014, ilisimama kwenye 0.63. Jaribu kusema "ukosefu wa usawa umepungua" na uone ulimi unavyojikwaa kwa kupunguza kitu ambacho hakipo. Pengo hupanuka na kusinyaa bila shida. Nchi hiyohiyo, katika katiba yake ya 1996, iliweka lugha rasmi 11. Uanuwai mkubwa na pengo kubwa vinakaa chini ya paa moja, na mtu akiviita vyote "tofauti" atajikuta anasherehekea kimoja huku akikifunika kingine.

Basi ile sentensi huirudisha na wino mwekundu, na mara nyingi hunirudia ikiwa mbili. Ya kwanza inataja uanuwai wa lahaja, mavazi na mapishi. Ya pili inataja pengo la huduma ya uzazi, na hiyo huwa inamdai mwandishi sentensi ya tatu: hospitali ilijengwa wapi, na nani aliamua ijengwe hapo.