Kalunguta: nafasi ya shule huanza kwa hesabu

Mauaji yaliyoanza Oktoba 2014 katika wilaya ya Beni yalisukuma familia nyingi kuelekea kusini. Kalunguta, iliyo kati ya miji ya Beni na Butembo, ni kati ya sehemu zilizowapokea. Wengi walikaribishwa katika nyumba za ndugu na wenyeji, si kambini. Kwa hiyo shule ilimjua mtoto siku alipofika mlangoni.

Hapo alikutana na karo. Tangu miaka ya 1990 wazazi nchini walikuwa wakilipa walimu, ingawa Katiba ya 2006 inasema shule ya msingi ni bure. Aliyeacha shamba lake hakuwa na cha kulipa. Septemba 2019 serikali ilianza kutekeleza masomo ya bure. Watoto waliongezeka, vyumba havikuongezeka kwa kasi hiyo.

Darasa la watoto 50 likipokea wageni 25, dawati la wawili linakaliwa na watatu. Machifu, wazazi na walimu wakiwahesabu wote kabla ya Septemba, zamu ya asubuhi na ya mchana zinaweza kupangwa mapema, na asirudishwe nyumbani mwenyeji wala mgeni.