Kabla hujauza ng'ombe kumpeleka ndugu yako soba: mambo ya kujua na kuuliza

Mama mmoja alitupigia simu studio akiwa kijijini kwake. "Mwanangu mtangazaji," aliniambia, "nimeuza ng'ombe, nimeuza na mahindi, mtoto amerudi yule yule." Alimpeleka kijana wake mjini kwenye nyumba ya upataji nafuu, zile ambazo wengi wetu tunaziita soba. Akalipa ada ya miezi mitatu kwa mkupuo. Wiki ya pili kijana akatoroka. Mama alipodai hela iliyobaki akaambiwa hairudishwi. Hakuwa na mkataba wala risiti.

Simu za namna hii tunazipata mara nyingi, ndiyo maana tumeyaandika maelezo haya, uyasome taratibu na umtumie mwenzako. Jambo la kwanza si hela. Jambo la kwanza ni kujua ndugu yako anatumia nini, kwa sababu kila kilevi kina njia yake ya kukiacha. Njia nyingine ni bure, na nyingine ukiikosea inaua.

Kama ni pombe

Mtu anayekunywa kila siku, iwe gongo, pombe ya kienyeji au bia, mwili wake umeshazoea. Akikatishwa ghafla, ndani ya siku moja anaweza kuanza kutetemeka, kutoka jasho, kutapika na kukosa usingizi. Wengine huanguka kama wenye kifafa, mara nyingi ndani ya siku mbili za kwanza. Wengine, kati ya siku ya pili na ya nne, huchanganyikiwa na kuona vitu ambavyo havipo. Hali hiyo inaua.

Kwa hiyo usimfungie mlevi wa miaka mingi chumbani ukisema atazoea. Mpeleke kwanza hospitali ya wilaya au ya mkoa, umweleze daktari anakunywa nini, kiasi gani na kwa muda gani. Atapewa dawa za kumtuliza na vitamini B1 mpaka siku za hatari zipite. Hii ni kazi ya hospitali, na soba isiyo na mganga au muuguzi haiiwezi. Akianguka nyumbani, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, tafuta usafiri.

Kama ni unga

Unga, yaani heroini, una arosto yake: maumivu ya mifupa, kuharisha, kutapika, baridi na mafua. Huanza ndani ya siku moja, hukaza siku ya pili na ya tatu, kisha hupungua kwa wiki moja hivi. Ni mateso, lakini kwa hili kuna tiba ya serikali ambayo mgonjwa haitolei hela. Inaitwa methadoni. Hapa Tanzania Bara ilianza Muhimbili Februari 2011. Sasa inatolewa pia Mwananyamala na Temeke jijini Dar es Salaam, Itega mkoani Dodoma, hospitali ya rufaa ya kanda Mbeya, Sekou Toure mkoani Mwanza na Bombo mkoani Tanga, pamoja na vituo vingine.

Methadoni ni dawa ya kunywa. Mgonjwa huinywa kila siku palepale kliniki, mbele ya mhudumu. Inakata arosto na hamu, akili inabaki timamu, mtu anaweza kufanya kazi. Kabla ya kuanza hupimwa na kuhojiwa. Anakwenda pale kama mgonjwa, kwa hiyo asiogope.

Kwa sisi wa vijijini gharama iko kwenye umbali. Dawa ni bure, lakini kwenda kila siku kunataka nauli au pa kulala mjini. Hivyo tafuteni kwanza ndugu anayeishi karibu na kliniki. Hela ambayo ungelipa ada inaweza kuwa ya chumba na chakula.

Methadoni haitibu ulevi wa pombe, bangi wala mirungi. Ukiambiwa inatibu vyote, umedanganywa.

Kama ni bangi au mirungi

Hapa msingi ni ushauri nasaha na kubadilisha mazingira. Lakini mtumiaji wa bangi akianza kusikia sauti, kuongea peke yake au kuhisi watu wanamwinda, huyo anatakiwa kitengo cha afya ya akili hospitalini kabla ya mahali pengine popote.

Soba inafanya nini

Soba ni nyumba ambayo waraibu hukaa pamoja bila kilevi. Wanapangiwa kazi, mazungumzo ya kikundi na ushauri. Nyingi husimamiwa na watu waliowahi kutumia na kuacha, na wengi hukaa miezi mitatu hadi sita. Inawasaidia watu wengi, hasa baada ya hospitali kumaliza sehemu yake. Lakini nyumba hizo hazilingani. Kabla ya kulipa nenda mwenyewe, au mtume mtu unayemwamini, akaulize haya:

1. Cheti cha usajili kiko wapi? Kipige picha, kisha ukihakikishe kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri au kwa kupiga 119.
2. Akizidiwa usiku anapelekwa hospitali gani, na nani analipa?
3. Mna muuguzi? Nani anatoa ushauri nasaha na amesomea wapi?
4. Akikataa au akitoroka mnafanya nini? Ukisikia habari za minyororo, viboko au kunyimwa chakula, ondoka. Kumpiga mgonjwa si tiba.
5. Ana haki ya kuongea na nyumbani, na sisi tunaruhusiwa kumtembelea lini?
6. Ada inajumuisha nini? Akiondoka kabla ya muda, hela inarudi kiasi gani?
7. Akimaliza mnamfuatilia vipi?

Omba kuona wanapolala, wanapokula na choo. Ongea na wagonjwa wawili watatu. Mwenye nyumba nzuri hakuzuii.

Mwogope anayekuahidi kwamba ndugu yako atapona kabisa baada ya wiki mbili. Uraibu ni ugonjwa wa muda mrefu, kama kisukari: unadhibitiwa siku kwa siku, na unaweza kurudi.

Piga hesabu nzima

Wengi wetu tunaishia kwenye ada ya mwezi. Tazama mfano huu. Namba ni za kufundishia tu, kila kituo kina bei yake.

Ada ni Sh 200,000 kwa mwezi, kwa miezi minne ni Sh 800,000. Kiingilio Sh 50,000. Vipimo na dawa Sh 60,000. Nauli ni Sh 15,000 kwa mtu kila safari: kumpeleka ni tiketi tatu, kumtembelea mara mbili ni tiketi nne, kumrudisha ni tiketi tatu. Jumla tiketi kumi, Sh 150,000. Ukijumlisha zote unapata Sh 1,060,000.

Aliyeuza ng'ombe kwa Sh 800,000 akidhani amemaliza, atakwama katikati, na mgonjwa atarudishwa kabla ya wakati. Heri kusubiri wiki mbili familia ichange kuliko kuanza na kukatisha.

Lipa mwezi kwa mwezi. Dai risiti kila unapolipa. Ukilipa kwa simu, tuma kwenye namba ya kituo, si ya mtu binafsi, na ujumbe usiufute. Mkataba uandikwe, na kama kusoma ni shida mpe mtu akusomee kabla hujaweka sahihi au dole gumba. Kama una kadi ya bima, uliza kabla ya safari inalipia nini. Hospitalini inaweza kukusaidia, lakini usidhani italipa soba mpaka uwe umeambiwa kwa maandishi.

Kama huna kitu kabisa

Anza na zahanati au kituo cha afya ukapewe rufaa. Ukifika hospitali ya serikali, mwone afisa ustawi wa jamii, ambaye kazi yake mojawapo ni kuangalia nani hawezi kulipia matibabu. Nenda na barua ya mwenyekiti wa kijiji au mtendaji. Uliza pia kama jirani kuna vikundi vya waraibu walioacha, maana hivyo havihitaji ada kubwa. Dua na maombi yaendelee, na dawa iendelee.

Siku anaporudi

Weka akiba kidogo kwa ajili ya siku hii. Kama alikuwa wa unga, mwambieni wazi: mwili wake hauwezi tena kipimo cha zamani. Akirudia kile kile alichokizoea, pumzi inaweza kukata. Wengi hufa hivyo, wiki za mwanzo tu baada ya kutoka.

Mpeni kazi mapema, hata ya shamba au kuku wachache, na msimwite teja. Hela nyingi asishike mwanzoni, na hilo mkubaliane naye. Akianguka tena msimfukuze. Rudini kwa mshauri wake haraka.

Yule mama tulimwelekeza hospitali ya wilaya, kwa sababu katika maongezi tuligundua kijana wake ni wa gongo na hajawahi kuonwa na daktari hata mara moja. Hatua ambayo ingepaswa kuwa ya kwanza ilikuwa imerukwa.

Kwa ushauri, piga bure 119, namba ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya.