Hattie McDaniel: 'Mtumishi' wa filamu aliyewatangulia wengi kwenye Oscar

HATTIE McDaniel ndiye mtu mweusi wa kwanza kutunukiwa tuzo ya Oscar. Aliitwaa Februari 29, 1940, akiwa mwigizaji msaidizi bora wa kike, kwa kuigiza nafasi ya Mammy katika filamu Gone with the Wind.

Hata hivyo, usiku huo wa ushindi aliketi kwenye meza ya kando, mbali na waigizaji wenzake weupe. Hoteli ya Ambassador mjini Los Angeles haikuwa ikiwapokea weusi, na mtayarishaji wa filamu hiyo, David O. Selznick, alilazimika kumwombea kibali maalum cha kuingia.

Sifa na fedheha ziliandamana hivyo katika takriban maisha yake yote ya uigizaji.

MWANZO WAKE

McDaniel alizaliwa Juni 10, 1893, mjini Wichita, jimbo la Kansas, akiwa kitindamimba katika familia ya watoto 13. Wazazi wake, Henry na Susan, walizaliwa utumwani. Babake alipigana katika jeshi la Muungano wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe nchini Marekani.

Familia hiyo ilihamia Colorado, na ni katika mji wa Denver ambako kipawa chake kilianza kuonekana. Mnamo 1910 alishinda medali katika shindano la kughani lililoandaliwa na chama cha wanawake Wakristo waliopinga ulevi. Muda si muda akaingia katika maonyesho ya jukwaani pamoja na ndugu zake. Katika miaka ya 1920 aliimba redioni na kurekodi nyimbo za blues.

Uchumi wa Marekani ulipoporomoka 1929, kazi za jukwaani zilikauka. Mwimbaji huyo alijikuta akihudumu katika msala wa wanawake kwenye klabu moja ya burudani mjini Milwaukee, hadi aliporuhusiwa kuimba na kuwavutia wateja. Mnamo 1931 aliwafuata nduguze Sam, Etta na Orlena mjini Los Angeles kutafuta nafasi katika filamu.

NAFASI FINYU

Kwa mwanamke mweusi, Hollywood ya wakati huo ilikuwa na mlango mmodi tu: ule wa jikoni. Alipewa nafasi za mpishi, mfuaji au yaya, mara nyingi bila jina lake kuandikwa kwenye orodha ya waigizaji.

Hata hivyo, McDaniel alijua kuitumia nafasi ndogo. Katika Judge Priest (1934), iliyoelekezwa na John Ford, aliimba sambamba na nyota Will Rogers. Katika Alice Adams (1935) aliigiza mtumishi aliyekodishwa kwa karamu moja tu, akatafuna chingamu huku akiandaa meza kwa uzembe, na kuzianika mbele ya mgeni mbwembwe za familia iliyojifanya tajiri. Mwaka uliofuata alishiriki katika Show Boat.

Mammy wa Gone with the Wind naye ni mtumwa asiyeogopa kumkemea binti wa bwana wake. Uzito wa uigizaji wake hudhihirika katika onyesho ambapo anapanda ngazi akimsimulia Melanie majonzi yaliyoikumba nyumba baada ya kifo cha mtoto. Hapo hakuna kichekesho. Ni huzuni tupu. Olivia de Havilland, aliyeigiza Melanie, aliwania tuzo hiyo hiyo na kushindwa na McDaniel.

Filamu hiyo ilipozinduliwa mjini Atlanta Desemba 15, 1939, waigizaji weusi hawakuhudhuria kutokana na sheria za ubaguzi za jimbo la Georgia.

LAWAMA

Tuzo hiyo haikumfungulia nafasi mpya. Aliendelea kupewa aproni, na lawama zikaanza kutoka kwa weusi wenzake. Walter White, kiongozi wa chama cha NAACP, alizihimiza kampuni za filamu kuanzia 1942 ziache kuwaonyesha weusi kama watumishi na mabwege. McDaniel alijitetea kwamba afadhali kulipwa vyema kwa kuigiza mtumishi kuliko kulipwa senti chache kwa kuwa mtumishi.

Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Alipochukua kipindi cha redio cha Beulah mnamo 1947, akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuongoza mchezo katika mtandao wa redio wa kitaifa. Mhusika huyo alikuwa ameanza kwa kuigizwa na mwanamume mzungu.

Aidha, majirani weupe walipokwenda mahakamani kutaka weusi wafurushwe katika mtaa wa Sugar Hill, Los Angeles, McDaniel alikuwa miongoni mwa wenye nyumba waliosimama kidete. Wakitetewa na wakili Loren Miller, walishinda kesi hiyo Desemba 1945. Miaka mitatu baadaye, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mahakama haziwezi kutekeleza mikataba ya kuwazuia weusi kumiliki nyumba.

MWISHO NA URITHI

McDaniel alifariki Oktoba 26, 1952, kutokana na saratani ya matiti. Alikuwa ameomba azikwe katika makaburi ya Hollywood, lakini yalikuwa ya weupe pekee, hivyo akazikwa Rosedale. Mnara wa kumkumbuka uliwekwa Hollywood mwaka 1999.

Tuzo yake aliiachia Chuo Kikuu cha Howard, ambako ilitoweka. Oktoba 2023, chuo hicho kilikabidhiwa nyingine badala yake.

Ilichukua miaka 51 kabla ya mwanamke mwingine mweusi, Whoopi Goldberg, kutwaa Oscar ya uigizaji mnamo 1991. Mo'Nique aliposhinda 2010, alimshukuru McDaniel jukwaani kwa yote aliyovumilia.

Machi 2, 2014, tuzo ya mwigizaji msaidizi bora ilimwendea Mkenya Lupita Nyong'o kwa kuigiza Patsey, mtumwa wa shamba la pamba, katika 12 Years a Slave. Yeye, tofauti na mtangulizi wake, aliketi miongoni mwa waigizaji wenzake.