Filamu Bila Mkanda: Warsha ya Kuleshov mjini Moscow

Shule ya filamu ya serikali iliyofunguliwa Moscow mwaka 1919 ilikuwa ya kwanza ya aina yake duniani, na ilifunguliwa wakati ambapo ilikuwa karibu haiwezekani kutengeneza filamu. Urusi haikuwa na kiwanda cha mikanda ya kamera. Mikanda yote ilitoka nje, Ujerumani, Ufaransa na Marekani, na vita vya wenyewe kwa wenyewe pamoja na vikwazo vya mataifa ya Magharibi vilikuwa vimefunga njia hiyo. Wenye studio walikimbilia Crimea, kisha Paris, wakaondoka na kamera zao, akiba ya mikanda na waigizaji mashuhuri. Agosti 27 mwaka huohuo Lenin alitia saini amri ya kutaifisha biashara ya filamu, na serikali ikarithi studio tupu. Katika hali hiyo vijana walisajiliwa kujifunza kazi ambayo malighafi yake haikuwapo. Mwongozaji Vladimir Gardin akawa mkuu wao wa kwanza.

Mwalimu aliyeibadili shule hiyo alikuwa mdogo kuliko baadhi ya wanafunzi wake. Lev Kuleshov alizaliwa Tambov mwaka 1899, akasomea uchoraji, na kabla ya kutimiza miaka ishirini alikuwa akibuni mandhari katika studio ya Khanzhonkov kwa ajili ya Yevgeni Bauer, mwongozaji aliyesifika kwa picha za taratibu zenye vyumba vya kifahari na huzuni nyingi. Bauer alifariki mwaka 1917. Mwaka uliofuata Kuleshov aliongoza filamu yake ya kwanza, Mradi wa Mhandisi Prite. Katika kazi hiyo alihitaji wahusika watazame nguzo za umeme, lakini nguzo zilikuwa mbali na mahali walipopigiwa picha. Akawapiga picha watu wakitazama, akazipiga nguzo peke yake kwingine, kisha akaviunganisha vipande viwili. Kwenye skrini watu walionekana kusimama mbele ya nguzo. Hakukuwa na udanganyifu ndani ya kamera. Mtazamaji mwenyewe ndiye aliyejenga uwanja mmoja kutoka katika viwanja viwili. Mengi aliyoyafanya Kuleshov baadaye yalianzia kwenye tatizo hilo dogo la siku ya kazi.

Kitu cha pili kilichomfungua macho kilikuwa ukumbi wa sinema. Kuleshov na wenzake walikwenda kwenye majumba ya pembezoni mwa mji, mahali tiketi zilikuwa rahisi na watu hawakujizuia kwa adabu, wakawatazama watazamaji badala ya kutazama picha. Filamu za Kirusi zilipita kimya. Filamu za Kimarekani, za upelelezi, za kauboi na za kufukuzana, ziliwafanya watu wapige kelele na kuwatia moyo wahusika. Waliporudi wakahesabu shoti, yaani vipande vinavyopigwa kwa mara moja bila kamera kuzimwa, walikuta filamu ya Kimarekani ina shoti nyingi mno katika urefu uleule wa mkanda ambao Mrusi aliutumia kwa shoti chache ndefu. Mwaka 1922 Kuleshov aliandika makala kuhusu homa hiyo ya Umarekani, akiitetea mbele ya wasomi walioidharau. Hoja yake ilikuwa ya kifundi: mtazamaji wa kawaida anaitambua filamu ya kufukuzana tangu dakika zake za mwanzo, anajua mkimbizi atakwepa na mwovu atakaribia, na kwa sababu hiyo mhariri anaweza kumpa vipande vifupi sana bila kumpoteza.

Hapo ndipo kaida za tanzu na ufundi wa kuhariri vilipokutana, na ni jambo ambalo masimulizi mengi ya enzi hiyo hulipita upesi. Uunganishaji wa vipande husifiwa kana kwamba ulizuka peke yake, kama fomula ya hesabu. Ukweli ni kwamba mkato wa haraka unawezekana tu pale mtazamaji anapokuwa tayari na matarajio, na matarajio hayo huletwa na utanzu. Shoti ya mkono ukishika bastola haina maana kubwa peke yake. Katika filamu ya upelelezi, sekunde moja yake inatosha. Mwongozaji wa Kimarekani D. W. Griffith alikuwa amelionyesha hilo kwa upana katika Intolerance ya mwaka 1916, iliyosuka hadithi nne za zama nne, kuanzia Babeli hadi Marekani ya wakati wake, zikipishana kwa kasi inayoongezeka kuelekea mwisho. Filamu hiyo ilionyeshwa Moscow mwaka 1919, na kizazi kizima cha waongozaji wa Kisovieti kilikiri deni lake.

Kwa kuwa mikanda haikupatikana, warsha ya Kuleshov katika shule hiyo ilibuni zoezi lililoitwa filamu bila mkanda. Wanafunzi walicheza hadithi fupi jukwaani, lakini hawakuzicheza kama tamthilia. Hadithi ilikatwakatwa katika vipande vifupi, mapazia na taa vikionyesha sehemu moja tu ya jukwaa kwa wakati mmoja: sasa chumba kizima, sasa uso, sasa mkono juu ya kitasa cha mlango. Vipande vilibadilishwa haraka kama shoti zinavyobadilishwa kwenye skrini. Zoezi mojawapo liliitwa Mtaa wa Mtakatifu Joseph Namba 147, jina ambalo lenyewe linanukia upelelezi. Mwigizaji alifunzwa kuwaza mraba wa kamera ukiwa umegawanywa kwa mistari kama wavu, na kupitisha kila tendo kwenye mistari hiyo, kwa muda uliopimwa, ili kipande kisomeke hata kikidumu sekunde mbili tu. Kuleshov hakumwita mwigizaji bali modeli, na aliukataa uigizaji wa kutafuta hisia za ndani. Alimtaka mtu anayejua kufungua mlango kwa namna inayoonekana.

Kundi lililozunguka warsha hiyo halikuwa la kawaida. Alexandra Khokhlova, mwenye umbo jembamba na sura ambayo studio za zamani zisingeikubali kwa nafasi ya mrembo, akawa mwigizaji mkuu wa Kuleshov na mwenzi wake wa maisha. Vsevolod Pudovkin alikuwa amesomea sayansi na kufungwa Ujerumani kama mateka wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Boris Barnet alikuwa bondia. Vladimir Fogel, Sergei Komarov na Leonid Obolensky walikuwamo pia, na Sergei Eisenstein alipita hapo kwa miezi michache kabla hajatengeneza filamu yoyote. Mwaka 1920 baadhi yao walikwenda na mwalimu wao hadi mstari wa mbele wa vita dhidi ya Poland wakatengeneza Kwenye Mstari Mwekundu wa Mbele, wakichanganya picha za vita halisi na mchezo wa kufukuzana ulioigizwa. Hata katikati ya vita hawakuuacha utanzu walioupenda.

Mwaka 1921 Kuleshov aliomba mkanda kwa ajili ya majaribio. Ombi lake lilikuwa la mita 90 hivi, ambazo kwa mwendo wa kamera za siku hizo ni kama dakika tano. Katika jaribio moja Khokhlova na Obolensky walipigwa picha wakitembea katika mitaa tofauti ya Moscow, wakakutana karibu na sanamu ya Gogol, wakashikana mikono, wakatazama kitu. Kilichofuata kilikuwa kipande kutoka filamu ya Kimarekani kikionyesha ikulu ya Washington. Kisha wakapanda ngazi za Kanisa Kuu la Kristo Mwokozi, tena Moscow. Mtazamaji aliona matembezi mafupi ya watu wawili katika mji mmoja, mji ambao haumo katika ramani yoyote. Kuleshov aliita hiyo jiografia ya kubuni. Katika jaribio jingine aliunda mwanamke mmoja kwa kuunganisha viungo vya wanawake kadhaa.

Jaribio lililopata umaarufu zaidi lilitumia uso wa Ivan Mosjoukine, nyota wa sinema ya zamani ambaye wakati huo alikuwa amekwisha hamia Ufaransa. Kipande chake kimoja, uso uliotulia usioonyesha chochote, kiliunganishwa na picha nyingine tofautitofauti. Pudovkin, aliyelieneza nje ya Urusi kwa maandishi na mihadhara, alitaja bakuli la supu, mwanamke ndani ya jeneza, na mtoto akicheza na dubu wa kuchezea. Watazamaji walisifu jinsi mwigizaji alivyoonyesha njaa, huzuni na furaha. Maelezo ya Kuleshov mwenyewe hayalingani na ya Pudovkin kwa kila kitu, na mkanda wa jaribio hilo haujapatikana hadi leo, ingawa sehemu ndogo za majaribio mengine ziliibuka tena kutoka kwenye hifadhi katika miaka ya 1990. Jaribio hilo basi limesafiri dunia kama hadithi zaidi kuliko kama ushahidi. Hata hivyo linaweza kurudiwa, na hurudiwa: wanafunzi wa video hulifanya kwa uso wa mwenzao, sahani ya chakula na programu ya kuhariri. Mwaka 1964 Alfred Hitchcock alilieleza kwenye televisheni ya Kanada kwa kutumia uso wake mwenyewe. Tabasamu lake baada ya picha ya mama na mtoto lilikuwa la mzee mwema. Tabasamu hilohilo baada ya picha ya msichana wa nguo za kuogelea likawa la mtu wa aina nyingine kabisa.

Mikanda ilipoanza kupatikana, warsha ilipata nafasi ya kutengeneza filamu ndefu. Mambo ya Ajabu ya Bwana West katika Nchi ya Wabolsheviki, iliyotoka mwaka 1924, ni kazi ya wanafunzi kwa roho yake yote, na ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi walivyozielewa kaida. Bwana West ni Mmarekani anayekuja Moscow akiwa ameona kwenye magazeti ya kwao picha za Wabolsheviki kama majambazi wenye manyoya na mundu. Amemleta mlinzi wake, kauboi Jeddie, aliyechezwa na Barnet. Kauboi huyo akiwa na kofia na bastola anafukuzwa na polisi wa pikipiki katika mitaa iliyojaa theluji, anamnasa kwa kamba mwendesha kitelezi, anavuka juu kwa juu kwa waya kati ya majengo. Kila kitendo kinatoka kwenye filamu za kauboi, isipokuwa mahali. Theluji na makanisa ya Moscow yanaifanya kaida ionekane kama kaida, naye mtazamaji anafurahia mbio huku akiona jinsi zinavyoundwa.

Filamu hiyo ina tabaka la pili, na ubora wake umelala hapo. Genge la wezi, likiongozwa na mhusika wa Pudovkin, linagundua kwamba West anaamini picha za magazeti. Wanavaa kama Wabolsheviki wa ndoto zake, wanamfanyia kesi ya uongo, wanamwambia kuwa chuo kikuu na ukumbi wa Bolshoi vimebomolewa. West ananaswa kwa sababu ni mtazamaji: ameshajua utanzu, basi anaona kile anachotarajia kukiona. Mwishoni askari wa kweli anamtembeza kwenye majengo hayohayo, yakiwa yamesimama. Vijana waliotumia miaka mitatu kuchunguza jinsi vipande viwili vinavyozaa ukweli usiokuwapo walitengeneza vichekesho kuhusu mtu anayeishi ndani ya ukweli wa namna hiyo.

Filamu ya Miale ya Kifo ya mwaka 1925 ilikuwa na mbinu nyingi kuliko hadithi na haikupokelewa vizuri. Kwa Mujibu wa Sheria ya mwaka 1926 ikachukua njia iliyo kinyume. Ilitungwa kutokana na hadithi fupi ya Jack London, ikaandikwa pamoja na mwandishi Viktor Shklovsky, na ikatengenezwa kwa fedha chache mno: kibanda kimoja kando ya Mto Moscow, barafu ya kweli, mafuriko ya kweli. Katika kambi ya wachimba dhahabu, mmoja anawaua wenzake wawili. Mume na mke waliosalia wanamfunga na kumlinda wakati wote wa majira ya baridi, kwa kuwa sheria inataka ahukumiwe kabla ya kunyongwa. Dhahabu, bunduki, mpaka wa nchi usio na serikali: vifaa vyote vya filamu ya kauboi vimo, lakini hakuna mbio wala uokozi wa dakika ya mwisho. Mikato inakwenda kwenye nyuso, maji yanayopanda sakafuni, birika. Kuuondoa mwendo uliozoeleka na kubakiza utanzu kulihitaji ustadi mkubwa kuliko kuuiga, na filamu hii imestahimili miaka kuliko nyingine zote za warsha.

Wakati huo wanafunzi walikuwa wameanza kutawanyika. Mwaka 1925 Pudovkin alishiriki kuongoza Homa ya Sataranji, vichekesho vilivyounganisha picha za mashindano halisi ya Moscow, bingwa wa dunia Capablanca akiwamo, na matukio yaliyoigizwa. Mwaka uliofuata akatoa Mama. Barnet akawa mwongozaji wa vichekesho. Mwaka 1929 Kuleshov alipochapisha kitabu chake kuhusu sanaa ya filamu, Pudovkin na wenzake walimwandikia dibaji ya kumtambua kuwa ndiye aliyewawekea msingi. Miaka ya 1930 ilileta shutuma za kupenda umbo kuliko maudhui, na nafasi zake za kuongoza zikapungua. Mwaka 1944 alirudishwa kama mkuu wa shule ileile, iliyokuwa sasa ikijulikana kama VGIK, akafundisha huko pamoja na Khokhlova, na alifariki mwaka 1970.

Katika miaka yake ya mwisho, madarasa ya VGIK yalikuwa na vijana wa Kiafrika. Souleymane Cissé wa Mali alihitimu mwaka 1969, akarudi kwao, na filamu yake Yeelen ikapata Tuzo ya Majaji huko Cannes mwaka 1987. Abderrahmane Sissako alifuata katika miaka ya 1980, na mwaka 1993 alitoa Oktoba, filamu fupi aliyoipiga Moscow kuhusu mwanafunzi Mwafrika na mwanamke Mrusi wanaokaribia kuagana, katika theluji ya mji uleule ambao kauboi Jeddie alikuwa amekimbizwa na pikipiki.