Amepooza au Anapooza?

Februari 2009 watazamaji wa televisheni nchini England walianza kuonyeshwa tangazo la Wizara ya Afya lenye mtu anayewaka moto kichwani. Moto wenyewe ulionekana ukitafuna upande wa kichwa na kusambaa, huku uso ukilegea, mkono ukigoma kunyanyuka na maneno yakitoka yamevurugika. Kisha zikaja herufi nne, F, A, S na T, yaani uso, mikono, usemi, muda. Zikisomwa pamoja kwa Kiingereza zinakuwa neno lenye maana ya haraka.

Herufi hizo zina historia yake. Zilikusanywa Newcastle mwishoni mwa miaka ya 1990 ili kuwasaidia wahudumu wa magari ya wagonjwa, na wakati huo T haikuwa muda bali kipimo: kipimo cha uso, mikono na usemi. Zilipotoka kwa wahudumu na kuingia sebuleni, T ikabadilishwa kazi. Sijui mfano mwingine wa istilahi iliyobadilika maana kwa faida kubwa hivyo bila kubadilika hata herufi moja. Mhudumu anahitaji kupima, mwananchi anahitaji kuharakisha.

Watazamaji nao walilipokeaje tangazo lile? Wapo walioona linatisha kupita kiasi, hasa wenye watoto wadogo sebuleni. Wengi walilikumbuka. Lakini watafiti waliowahoji wagonjwa, walioshuhudia na madaktari, matokeo yakachapishwa 2013, walikuta kwamba kulijua tangazo ni jambo moja na kulitii siku yenyewe ni jingine. Wengi walilifahamu, wachache ndio waliosema liliwasukuma kuchukua hatua. Sababu mojawapo ni moto uleule. Kiharusi cha kwenye kioo kilikuwa kikubwa, kisichoweza kudhaniwa kitu kingine. Cha nyumbani huja kimyakimya. Mzee anaamka mkono una ganzi, anasema ameulalia. Mama anaongea kama ana tonge mdomoni, wajukuu wanacheka. Hakuna anayewaka, kwa hiyo hakuna anayekimbia.

Miaka 15 baadaye, Novemba 2024, huduma ya afya ya England ilitoa tangazo jipya. Safari hii walionyesha mambo madogo ya siku zote ya nyumbani yanayomshinda mtu ghafla. Kilichonivutia zaidi ni kiunganishi. Zamani herufi zilitaja dalili moja baada ya nyingine, na mtazamaji aliyeona uso umepinda lakini mikono mizima angeweza kungoja dalili zikamilike, kama anayengoja basi lijae. Sasa maneno yenyewe yanasema: uso AU mkono AU usemi, dalili ya kwanza tu, piga 999, namba yao ya dharura. Huduma hiyo ilikuwa imebaini kwamba kwa wastani zilipita dakika 88 kati ya dalili ya kwanza na simu kupigwa. Katika kiharusi kikubwa cha mshipa kuziba, kadirio linalotumiwa sana na madaktari tangu 2006 ni kwamba chembe za neva zipatazo milioni 1.9 hufa kila dakika. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya picha ya CT kuonyesha kwamba mshipa haukupasuka. Kwa hesabu hiyo, neno la herufi mbili lina kazi kubwa kuliko moto wote ule.

Nikirudi kwenye Kiswahili, nauliza tangazo kama hilo lingesema nini. Jina la ugonjwa lipo, kiharusi, na sikio halikosi kusikia harusi ndani yake. Lipo pia stroki, na ipo “presha imempanda”, inayotaja chanzo kimoja na kusahau vingine. Ipo “kapigwa na upepo”. Utafiti uliochapishwa 2008 ulilinganisha Dar es Salaam na wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Jijini, ambako ungetarajia maelezo ya hospitali yatawale, ndiko mapepo na uchawi vilikotajwa zaidi. Na ni Dar hiyohiyo ambako watafiti waliohesabu wagonjwa wapya kati ya 2003 na 2006 walikuta kiharusi kingi karibu mara tatu ya Hai, baada ya kusawazisha tofauti za umri.

Hata hivyo, pepo silitilii shaka kubwa kama ninavyokitilia kitenzi kupooza. Sikiliza habari zinavyopelekwa kwenye simu: “Baba amepooza.” Huo ni wakati timilifu. Jambo limekwisha, matokeo yapo mbele yetu, kilichobaki ni kutafuta wa kumchua na nani atalala naye usiku. Kiambishi -me- kimefunga mlango. Kumbe saa ile ya kwanza baba bado hajapooza moja kwa moja. Anapooza. Yapo maeneo ya ubongo yaliyokosa damu ya kutosha lakini hayajafa, na hayo ndiyo yanayokimbiliwa. (Ajabu ya lugha: kupoza ni kutuliza au hata kuponya, kupooza ni kulemaa. Irabu moja tu inatenganisha tiba na ugonjwa.) Moto wa Waingereza, pamoja na kelele zake zote, ulisema jambo hili kwa usahihi. Ulikuwa unaendelea. Tangazo letu, liwe na moto au lisiwe nao, linahitaji -na-.

Kuhusu herufi, mataifa mengine hayakukubali kutafsiri kama kasuku. Wakanada wa Quebec wana VITE, neno la Kifaransa la haraka, lenye uso, kukosa nguvu, shida ya kusema na dharura. Waindonesia wana SeGeRa Ke RS, yaani haraka hospitali, na wamepenyeza humo tabasamu, mwendo wa viungo, kusema, ganzi, macho na kichwa kuuma. China wameziacha herufi, wakachukua namba ya dharura, 120: uso mmoja ukague, mikono miwili inua, sifuri sikiliza, kwa sababu sifuri kwa lugha yao hutamkwa kama neno la kusikiliza. Walioniua kwa husuda ni Wabrazili. Wao wana SAMU: tabasamu, kumbatio, wimbo, dharura. Mwambie acheke, mwambie akukumbatie, mwambie aimbe. Na SAMU ndilo jina la huduma yao ya magari ya wagonjwa, namba 192. Dalili na msaada vimelala kitanda kimoja.

Sisi je? Ukichukua Uso, Mikono, Usemi, Muda, unapata UMUM, mlio wa mtu aliyejaza ugali mdomoni. Nimejaribu MUDA: Mkono, Uso, Domo, Ambulensi. Domo lina uzito wake mtaani, maana domo zito na domo zege kila mtu anayajua, na hakuna atakayelisahau. Tatizo ni adabu. Nani atasimama mbele ya mama mkwe aseme domo limepinda? Na A ni tatizo kubwa zaidi. Mahali ambapo gari la wagonjwa halifiki, herufi hiyo ni ahadi hewa, na atakayemfikisha mgonjwa hospitali ni bajaji au gari la jirani. Kifupisho kinachomalizikia kwenye kitu ambacho hakipo kitadharauliwa chote, hata herufi zake tatu za kweli.

Ndiyo maana naegemea njia ya Wabrazili, ya vitenzi badala ya viungo vya mwili. Uso, mkono na usemi ni majina, yanakaa kwenye bango na kukutazama. Amri humwingia mtu mwilini. Lakini amri zenyewe ziwe za nyumbani. “Tabasamu” ni neno la mpiga picha wa studio. Hakuna mtoto amwambiaye baba yake “tabasamu”. Atamwambia, “Baba, hebu cheka kidogo nikuone.” Mdomo ukienda upande mmoja, jibu limepatikana. “Inua mikono yote miwili, ishikilie hapohapo.” Mmoja ukishuka wenyewe, jibu limepatikana. “Niambie, mimi nani?” Usimpe maneno ya kutatiza ulimi, maana huko hata mzima hujikwaa. Na hapo katikati liwekwe lile “au”, tena kwa sauti: mojawapo tu likishindikana, twendeni. Tangazo liongeze katazo moja, asinyweshwe wala kulishwa chochote, kwa kuwa koo nalo linaweza kuwa limelegea akapaliwa.

Si kwamba maneno yote haya yatamaliza kazi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2017 ulikuta kwamba herufi za FAST huwakosa wagonjwa wapatao 14 katika kila 100 wa mshipa kuziba, wengi wakiwa na miguu kuyumba au macho kupungukiwa nguvu ya kuona. Wapo walioongeza B na E mbele, usawa na macho. Nadhani inatosha. Kifupisho kikirefuka sana nacho kinahitaji kukaririwa darasani.

Limebaki neno muda, na hapa Kiswahili kina mtego wake. Swali mojawapo la mwanzo la daktari ni hili: mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi? Jibu letu huwa “tangu asubuhi”, neno linalobeba saa sita nzima. Au ni “saa mbili”, kisha mmoja anaandika 2 na mwingine 8, na dirisha la saa nne na nusu linafungwa kwenye karatasi kabla ya kufungwa mwilini. Kwa hiyo, msomaji, mdomo wa mtu ukienda upande, tazama saa kabla ya kutafuta funguo za gari. Iandike, hata kwenye kiganja, na useme ni asubuhi, mchana au usiku.