Elimu na Sarafu Yake: Habari za Wabajuni na Pwani ya Kismayu

Kusini ya Kismayu visiwa vimejipanga sambamba na bara hata karibu na Ras Kamboni: Koyama, Ngumi, Chovai, Chula na vinginevyo vidogo. Wenyeji wake ni Wabajuni, Waislamu wa madhehebu ya Shafi, wasemao lugha iliyo tawi la Kiswahili cha kaskazini, na riziki yao tangu zamani ni bahari. Jina la Kismayu lenyewe yasemekana asili yake ni Kisima Iu, yaani kisima cha juu. Mengi yameandikwa juu ya vyombo vya watu hawa na uvuvi wao. Lisiloandikwa sana ni hesabu ya elimu yao: ilimgharimu nini mzazi kumtoa mwanawe chomboni na kumkalisha mbele ya ubao, na alipata nini badala yake. Hesabu hiyo ina mambo ya ajabu, kwa kuwa katika muda wa miaka mia serikali za pwani hiyo zilibadilika mara nyingi, na karibu kila moja ilikuja na lugha yake na fedha zake.

Elimu ya kwanza ilikuwa chuo. Gharama yake ilikuwa ndogo kwa fedha. Mzazi alimpeleka mtoto kwa mwalimu, akatoa pesa chache siku ya Alhamisi, na mtoto alipohitimu Kurani mwalimu akapewa zawadi kwa kadiri ya uwezo wa nyumba. Ubao ulichongwa hapo hapo, wino ulikuwa wa masizi, kalamu ni ya tete. Aliyekuwa hana kitu alilipa kwa kazi: mwanawe alimtekea mwalimu maji, akamwokotea kuni. Ama gharama iliyo kubwa haikuonekana mkononi. Mtoto wa miaka kumi katika visiwa ni mtu mwenye faida. Hufua maji chomboni, hutia chambo, huanika papa, huchunga dau lisichukuliwe na maji. Kila asubuhi anayokaa chuoni ni asubuhi ambayo baba yake amepungukiwa na mkono mmoja. Lakini chuo kiliujua ukweli huo. Mwalimu mwenyewe mara nyingi alikuwa mvuvi au mkulima, naye aliijua kaskazi na aliijua kusi. Bahari ilipokuwa shwari na samaki wamejaa, hakumwuliza mtoto alikokuwa. Kusi ilipovuma na vyombo vikapandishwa pwani, wanafunzi wote wakarudi. Kwa hiyo chuo kilichukua zaidi zile siku ambazo bahari haikuzihitaji.

Na faida yake? Watu wengi husema kuwa chuo kilileta faida ya akhera tu. Maneno hayo hayatoshi. Ajuaye kusoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu aliweza kuandika hati ya mahari, mkataba wa chombo, hesabu ya deni na mgawo wa urithi. Na mambo hayo katika pwani yote yalikuwa na malipo. Zaidi ya hayo, elimu hiyo ilipokewa kila bandari. Sheikh Muhyiddin bin Sheikh al-Qahtani alizaliwa Barawa, kaskazini ya Kismayu, na elimu yake ikamfikisha kuwa kadhi Unguja, ambako alifariki mwaka 1869. Katika Siu, kisiwani Pate, upande wa kusini wa nchi hiyo hiyo ya Wabajuni, kunakili Kurani kulikuwa ufundi wa kuleta riziki, na misahafu ya Siu ya karne ya 18 na ya 19 imehifadhiwa hata leo. Lamu nako, Habib Swaleh, Mungu amrehemu, aliyefariki mwaka 1935, alifungua darasa zake kwa maskini na wageni, na msikiti wa Riyadha uliojengwa mwanzoni mwa karne ya 20 ukawa kituo cha wanafunzi wa pwani nzima. Kijana wa Chovai aliyesoma huko aliweza kurudi kwao, au kwenda Mombasa, au kuvuka hata Hadhramaut, na kila mahali aliposhuka mtu wa kuipima elimu yake alikuwapo. Ilikuwa kama riale ya Maria Theresa, iliyopokewa bila kuulizwa imetoka wapi.

Mwaka 1895 pwani ya Kismayu iliingia katika himaya ya Waingereza ya Afrika ya Mashariki. Kabla ya hapo iliwahi kuwa chini ya Sultani wa Unguja, na mwaka 1875 jeshi la Khedive Ismail wa Misri lilishuka hapo kwa muda mfupi, likaondoka. Waingereza hawakujenga mengi. Lakini waliacha makadhi na maliwali katika kazi zao, na Kiswahili kikawa lugha ya kusemeza raia. Basi elimu ya chuo haikupoteza thamani yake. Juu yake palizuka elimu nyingine, ile ya Kiingereza na herufi za Kirumi, ambayo ndiyo iliyomfungulia mtu mlango wa ushuru na wa ofisi. Wabajuni wachache mno waliipata. Aliyeipata ilimlazimu asafiri mbali na kwao, na nauli na chakula cha ugenini ni gharama ambayo dau moja haliwezi kuibeba.

Kisha ukaja mwaka 1925. Kwa mkataba wa Julai 1924 Uingereza iliwapa Wataliani nchi ya Jubaland, kuwa malipo ya kuingia kwao katika Vita Vikuu vya Kwanza upande wake. Mpaka ulipigwa karibu na Ras Kamboni: Kiunga, Faza na Lamu vikabaki Kenya, visiwa vya kaskazini na Kismayu vikawa vya Wataliani. Ndugu wa mlango mmoja walijikuta raia wa madola mawili. Nchi ikaitwa Oltre Giuba, na mwaka 1926 ikaunganishwa na Somalia ya Kitaliani.

Hapa ndipo penye kiini cha hesabu yote. Serikali mpya ilipoingia ilileta lira, na mwenye shilingi alizibadilisha. Labda alipunjwa, lakini alipata kitu. Mwenye elimu ya ofisi ya Kiingereza hakuwa na duka la kubadilishia. Miaka aliyoitoa, samaki ambao hakuwavua, fedha za baba yake zilizokwenda kwa nauli na chakula, vyote vilibaki katika sarafu iliyoondolewa sokoni. Kwa mzazi aliyetazama mambo hayo, somo lilikuwa wazi: elimu ya serikali huisha thamani serikali inapoondoka, na serikali huondoka.

Wataliani nao hawakuhimiza. Katika enzi ya Mussolini elimu waliyompa Mwafrika ilikuwa ya kiasi cha chini, ya kumtosha awe askari au kibarua, na sehemu kubwa ya skuli za Somalia zilikuwa mikononi mwa mapadri. Baba Mwislamu alitakiwa atoe gharama mbili kwa pamoja: mkono wa mwanawe chomboni, na amani yake juu ya dini ya mtoto. Aliyekataa wengine wamemwita mjinga. Lakini alipokataa alikuwa amekwisha kupiga hesabu: kazi alizoahidiwa mtoto zilikuwa za chini, na lugha ya kazi hizo haikujulikana hata Lamu, safari ya siku chache tu kwa tanga.

Ng'ambo ya mpaka mawazo yalikuwa yakichemka. Mombasa, Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, Mungu amrehemu, alitoa karatasi ya Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akiwahimiza Waislamu wa pwani washike elimu ya dini na elimu ya dunia kwa pamoja, kwa kuwa aliona mali na kazi zikiwatoka mikononi. Alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hata alipofariki mwaka 1947. Mwaka 1945 ikaundwa jumuiya ya East African Muslim Welfare Society, ambapo Aga Khan alijitolea shilingi moja kwa kila shilingi iliyochangwa na Waislamu wenyewe. Na miaka michache baadaye Mombasa ikapata Chuo cha Elimu ya Waislamu, kilichofundisha ufundi wa mikono na mitambo. Hayo yote yalikuwa karibu na Wabajuni kwa bahari. Kwa sheria yalikuwa mbali, maana aliyetoka Chula alikuwa mgeni.

Vita Vikuu vya Pili vilileta badiliko jingine. Februari 1941 majeshi ya Uingereza yaliiteka Kismayu, na shilingi ya Afrika ya Mashariki ikarudi. Mwaka 1950 Wataliani walirudi kwa idhini ya Umoja wa Mataifa, kuitayarisha nchi kwa uhuru katika miaka kumi, na fedha mpya iliyoitwa somalo ikatolewa. Safari hii walijenga skuli kwa bidii zaidi, na lugha kuu ya masomo ikawa Kitaliani. Yapasa kusemwa kwa haki kuwa faida ilionekana. Serikali ya kesho ilihitaji makarani, walimu na wauguzi, na kijana mwenye cheti aliweza kupata mshahara wa mwezi, jambo ambalo bahari haitoi. Mwaka 1955 msomi wa Kitaliani, Vinigi Grottanelli, alichapisha kitabu kikubwa juu ya wavuvi wa Kibajuni. Kimeandikwa kwa Kitaliani. Na aliyetaka kujua yaliyosemwa juu ya babu zake ilimpasa kuifahamu lugha hiyo kwanza.

Uhuru ulipatikana tarehe 1 Julai 1960. Kusini ilisoma Kitaliani, kaskazini Kiingereza, na Kiingereza kikaanza kupanda. Mwaka 1962 somalo ikawa shilingi ya Kisomali. Kisha, tarehe 21 Oktoba 1972, serikali ya Jenerali Siad Barre ilitangaza kuwa Kisomali kitaandikwa kwa herufi za Kirumi na kitakuwa lugha ya kazi zote za serikali. Watumishi walipewa miezi michache wajifunze. Mwaka 1974 na 1975 skuli za juu zilifungwa, na maelfu ya wanafunzi na walimu wakapelekwa mashamba na malishoni kuwafundisha watu kusoma. Kwa Msomali wa bara ilikuwa neema kubwa: kwa mara ya kwanza lugha ya mama yake ilikuwa na bei ofisini. Kwa mtoto wa Koyama, aliyekulia katika Kibajuni, ilikuwa lugha nyingine ya kununua. Babu yake aliambiwa ajifunze Kitaliani, naye ameambiwa ajifunze Kisomali. Hata hivyo aliyekubali kulipa alifaidika, kwa kuwa katika miaka hiyo wavuvi waliingizwa katika vyama vya ushirika vilivyosimamiwa na serikali, na mizani, bei na stakabadhi zikaandikwa. Asiyejua kusoma stakabadhi huuza samaki wake akiwa amefumba macho. Na jambo la kushangaza ni kwamba Chuo Kikuu cha Taifa huko Mogadishu kiliendelea kufundisha masomo yake mengi kwa Kitaliani. Mtoto alisoma kwa lugha moja hata akafika mlangoni, akaukuta mlango umeandikwa kwa lugha nyingine.

Isifikiriwe kuwa elimu ya bahari ilisalimika daima. Wabajuni walikuwa mabingwa wa kuvua kasa kwa chazo, samaki anayeshikamana na vitu vikubwa: hufungwa kamba mkiani, akaachiwa, akamnasa kasa, naye akavutwa taratibu. Elimu hiyo huchukua miaka kuipata, na mwalimu wake ni baba. Magamba ya ng'amba yaliuzwa kwa thamani kubwa muda wa karne nyingi. Mkataba wa CITES wa kulinda viumbe ulipomweka ng'amba katika daraja ya juu ya ulinzi mwaka 1977, soko hilo likaanza kufungwa. Lakini mvuvi alikuwa na njia ya kugeukia: mkono uliojua kasa ulijua pia kamba mawe na papa.

Mwaka 1991 serikali ya Somalia ilianguka. Kismayu ilitekwa na kutekwa tena na makundi yenye silaha, na Wabajuni, wasio na kabila kubwa la kuwalinda, walinyang'anywa vyombo na nyumba. Wengi walikimbilia Kenya kwa majahazi, wakakaa katika kambi za wakimbizi karibu na Mombasa. Huko kila mmoja alishuka na elimu aliyokuwa nayo. Cheti cha Kisomali hakikuajiri mtu Mombasa, wala cha Kitaliani. Nahodha alipata kazi katika vyombo vya wengine. Na mwalimu wa chuo aliweza kukaa mbele ya watoto siku aliyofika, kwa kuwa Kurani ya Chovai ni Kurani ya Kisauni, na hapakuwa na mpaka wa 1925 ndani yake.

Waliosafiri mbali zaidi, hata Uingereza, walikutana na hesabu ya namna nyingine. Maofisa wa uhamiaji walitaka kujua kama mtu ni Mbajuni kweli, na wakawa wanauliza visiwa, samaki, milango ya jamaa na maneno ya nyumbani. Mwaka 2004 baraza la rufaa za uhamiaji la nchi hiyo lilitoa hukumu ya kuongoza kesi za namna hiyo, na uwezo wa kusema Kibajuni ulikuwa kiini chake. Lugha ambayo hakuna serikali iliyowahi kuilipia mwalimu, wala mzazi hakuitolea pesa ya Alhamisi, ikawa ndiyo ushahidi wa kumruhusu mtu kukaa au kumrudisha.

Katiba ya muda ya Somalia, iliyopitishwa Agosti 2012, imetaja Kisomali kuwa lugha rasmi na Kiarabu kuwa lugha ya pili. Kibajuni hakikutajwa. Kimebaki lugha ya jikoni na ya chomboni, na mzazi wa visiwani amtakaye mwanawe awe karani humlipia ajifunze lugha isiyo ya mama yake, kama alivyotakiwa kufanya babu yake mwaka 1926.